Mizani ya Bucha

Saa kumi na mbili asubuhi, Julai, Dagoretti Corner,
ukungu umelala juu ya mabati,
na Obwaka anakuja akisukuma pikipiki
kama anayerudisha ng'ombe aliyekataliwa mnadani.
"Kasyoka, betri imenigomea tena.
Nipe ile nyepesi. Ile ya lithiamu."

Ngoja, nikamwambia. Sikatai kuuza.
Ila sikuuzii jina.

Tukavuka hadi kwa Guyo wa bucha,
mwenye mizani isiyodanganya,
au inayodanganya kila mtu sawasawa.
Tukaiweka ya zamani palipolala maini jana:
kilo tatu na robo za risasi na tindikali.
Tukaweka mpya.
Mshale ukachungulia, ukasita, haukufika hata kilo.
"Hii," akasema Guyo, "paka hashibi."

Obwaka akaipakata kama mtoto wa dada yake
akauliza wanaloniuliza wote:
"Basi, ni nzuri?"

Nzuri kwa nani?
Kwa bega langu, naam. Miaka kumi na saba nabeba risasi,
na lugha yetu haikukosea
kuipa jina moja na ile inayotoka kwenye bunduki;
hii nayo huua, ila haina haraka.
Kwa suruali yangu, naam. Tazama matundu haya,
kila tundu tone la maji ya betri,
ungedhani nondo wamenifanyia karamu.

Kwa mfuko wako?
Ya risasi, elfu mbili na mia nane.
Hii, elfu kumi na moja, na mkopo hakuna.
Tena ile ya kale ni msamehevu:
regulata ikichoka, ikaishibisha kupita kiasi,
itacheua tu, utaiongeza maji, mtaendelea na ndoa yenu.
Hii hainywi maji. Hii hufura.

Na liko jambo lisiloandikwa kwenye kasha.
Ya risasi hufa kwa taarifa.
Honi huanza jogoo, huishia mbu.
Taa hugeuka rangi ya chai ya mkandaa.
Una wiki mbili za kukopa, za kukana, za kuaga.
Hii jioni iliwaka,
asubuhi imejifungia mlango kwa ndani.

Mama yangu alikwenda kwa njia ya kwanza, kule Mwala,
tukipunguza sauti ya redio kila siku.
Baba alinisalimu saa moja jioni, akaulizia chumvi.
Usiniulize ipi afadhali.

Guyo akafuta mizani, ingawa ilikuwa safi.

"Lakini, Kasyoka, goti."
Akalishika, la kulia, lile lililovunjika Kabiria.
"Siwezi kupiga kiki mara thelathini
na mkate wa watu uko nyuma.
Nataka kubonyeza. Kidole tu."

Hilo hakuwa amelisema.

Nikatoa mita. Injini ikinguruma
ikasoma kumi na nne nukta mbili, ikatulia hapo.
Regulata ya mwanamume huyu ilikuwa na adabu kuliko yeye.
Nikaifunga. Ilicheza kwenye nafasi ya mwenzake
kama meno ya bandia,
nikajaza pengo kwa kipande cha ndala.
Akanipa elfu nane.
Salio Jumamosi. Jumamosi ipi, hakutaja.

Baridi ikiuma, nikamwambia, usiikurupushe.
Washa taa kwanza. Hesabu hadi sitini.
Iombe kidogo kabla hujaiomba kikubwa.

Ya zamani ilibaki kwa Guyo,
sasa inazuia mlango usipigwe na upepo.

Kesho yake, kabla ya adhana,
nilifungua dirisha nimwage maji ya uso.
Ng'ambo, penye lango la ploti yao,
taa moja inawaka ndani ya ukungu, haiendi popote,
mkate umefungwa nyuma,
na sauti ya mtu mzima inahesabu taratibu,
arobaini na moja, arobaini na mbili,
kama mtoto aliyefumba macho
wenzake wakijificha.